UZI: Ile 20 ya kwenye beji ya mionzi ilitoka kwa nani? Watu waliopimwa bila kuulizwa

Habari za muda huu wakuu. Huu uzi ni mrefu, nitaushusha kwa vipande maana naandikia kwenye simu na nipo zamu ya usiku, mgonjwa akija naacha, nikimaliza narudi. Naomba msinikate kabla sijafika mwisho, maswali wekeni tu nitayajibu nikiwa naendelea.

Mimi ni radiografa, huu mwaka wa kumi na moja napiga watu picha. Ukiwahi kwenda eksirei lazima umeona tumebandika kabeji kadogo kifuani, kanaitwa TLD. Kanabeba kumbukumbu ya mionzi inayotupata sisi wenyewe tukiwa kazini, kila baada ya muda zinakusanywa zinapelekwa Tume ya Nguvu za Atomu kule Arusha zinasomwa, majibu yanarudi kwa milisiveti, ndo kipimo cha dozi ya mionzi. Kiwango cha sisi wa kazi hii ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, raia wa kawaida 1. Kuna kituo nilianzia kazi, jina liache, beji zilikuwa zinalala kwenye droo na mhudumu ndo anashika watoto wakati wa kupiga picha bila hata aproni ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, na mimi nilikuwa kijana nikanyamaza. Hilo bado linaniuma mpaka leo.

Sasa mwezi uliopita tumepokea mwanafunzi wa field, binti mmoja mtulivu sana. Nikamweleza habari ya beji na ile 20 kama ninavyowaeleza wote. Akasikiliza akaniuliza, "Kaka, hiyo 20 walijuaje? Walimpima nani?" Nikamjibu jibu la darasani, tume ya kimataifa, tafiti, basi. Akasema sawa. Ila swali lilibaki na mimi, nikaanza kusoma usiku hadi usiku, na niliyoyakuta ndo nataka niwaletee humu.

Tuanze.

Mwaka 1944 Wamarekani wako katikati ya kutengeneza bomu la atomu, mradi wa siri unaitwa Manhattan. Plutoniamu, madini ya mionzi ya kutengenezea bomu hilo, ilikuwa imegunduliwa juzi tu, mwaka 1941 kule Berkeley, na ghafla kuna vijana maabara wanaishika kila siku. Walichokuwa wanakijua ni habari ya wasichana wa viwandani wa miaka ya 1920 waliokuwa wanapaka rangi yenye radiamu kwenye saa ili namba ziwake gizani, wanalainisha brashi kwa midomo, taya zikaoza, wakafa. Kwa hiyo hofu ilikuwa ya kweli kabisa, plutoniamu nayo ikiingia mwilini inaenda kukaa kwenye mifupa na ini na haitoki kirahisi. Agosti 1944 mkemia kijana wa Los Alamos, Don Mastick, kichupa kikamlipukia usoni, miligramu kama 10 za plutoniamu, nyingine ikamwingia mdomoni. Daktari wao Louis Hempelmann akamsafisha tumbo kwa mpira. (Huyo Mastick aliishi mpaka uzeeni, nasema mapema ili msiniulize.) Shida yao ikawa moja, mtu akimeza au akivuta plutoniamu utajuaje imebaki kiasi gani ndani? Njia pekee ni kupima mkojo, ila ili mkojo ukwambie kitu lazima kwanza umjue mtu ambaye unajua kabisa uliingiza kiasi gani. Panya walishawapima, ila panya anatoa plutoniamu haraka kuliko binadamu, hesabu zake hazikai sawa kwa mtu.

Hapo ndo wakaanza kutafuta mtu.

Tarehe 24 Machi 1945 kule Oak Ridge, Tennessee, mjenzi mmoja mweusi anaitwa Ebb Cade, miaka 53, alikuwa anaenda kazini na wenzake gari ikapata ajali. Akavunjika mkono na mguu. Alikuwa ni mtu wa zege, anafanya kazi kwenye ujenzi wa kiwanda cha kuchuja urani, na ukiacha ile mifupa madaktari waliandika wenyewe kwamba ni mtu mwenye afya na lishe nzuri. Akalazwa hospitali ya jeshi palepale. Tarehe 10 Aprili wakamchoma sindano yenye plutoniamu mikrogramu 4.7. Jina lake kwenye makaratasi likawa HP-12.

Wakuu mimi nafanya kazi hospitali, naomba niwaoneshe tarehe tena. Ajali 24 Machi. Sindano 10 Aprili. Mifupa yake haikuungwa mpaka 15 Aprili, siku 5 baada ya sindano, na walipokuwa wanaiunga wakachukua na vipande vya mfupa vya kupima. Mtu kavunjika mkono na mguu analala wiki tatu mifupa haijaungwa. Alafu wakamng'oa meno 15, nayo yakapimwa plutoniamu. Mkojo na kinyesi kila siku vinakusanywa. Mpaka siku anatoka hakuna karatasi inayoonesha aliambiwa amewekwa nini. Alifariki 1953 kwa ugonjwa wa moyo, kule North Carolina.

Mimi nimewahi kushika wagonjwa wa ajali za bodaboda wengi mno, najua mtu aliyevunjika paja anavyokutazama ukiingia na trei. Anadhani umemletea dawa.

Nimeitwa, narudi.

*

Nimerudi.

Naona mdau wa post namba 6 anasema vita ilikuwa vita, na wale waliochomwa walikuwa wagonjwa wa kufa tu. Mkuu hata wao ndo walivyojitetea miaka yote, ngoja nikuoneshe.

Jumla waliochomwa plutoniamu ni watu 18, kati ya 1945 na 1947. Mmoja Oak Ridge, 11 Rochester New York, 3 Chicago, 3 San Francisco. Wa kwanza wa San Francisco, CAL-1, ni Albert Stevens, fundi wa kupaka rangi nyumba, miaka 58. Madaktari waliamini ana kansa ya tumbo na hana muda. Tarehe 14 Mei 1945 wakamchoma, tena yake ilikuwa na plutoniamu 238 ambayo mionzi yake ni mikali zaidi kwa uzito uleule. Siku 4 baadae wakampasua, wakaondoa sehemu ya tumbo na bandama na vingine, vipande vikaenda maabara. Majibu: vidonda vya tumbo. Hakukuwa na kansa.

Na hawakumwambia. Waliendelea kukusanya mkojo na kinyesi chake karibu mwaka mzima, alipotaka kuhama wakapanga awe analipwa dola 50 kwa mwezi asiende mbali. Akaishi miaka 20, akafa 1966 kwa moyo, akiwa na 79. Wanasayansi waliokuja kupiga hesabu baadae wakakuta jumla ya mionzi iliyomuingia ni siveti 64. Turudi kwenye beji yangu, 64 siveti ni milisiveti 64,000, ukigawa kwa 20 ni kiwango cha miaka 3,200 ya kazi. Ni mtu mwenye dozi kubwa kuliko wote wanaojulikana walioishi muda mrefu hivyo, na alikwenda kaburini akijua alipona kansa.

Wa pili San Francisco alikuwa mtoto wa miaka 4 kutoka Australia mwenye kansa ya mfupa, ameletwa na mama yake kutafuta tiba. Huyo sina nguvu ya kumwandika zaidi.

Wa tatu, CAL-3, Elmer Allen, mweusi, mhudumu wa mabehewa ya treni. Aliumia goti, likagundulika lina uvimbe, 18 Julai 1947 wakamchoma plutoniamu kwenye mguu wa kushoto, siku 3 baadae wakaukata. Kwenye faili lake kuna kikaratasi cha madaktari kwamba alielezwa na akakubali akiwa na akili timamu. Hicho nakitaja kwa haki, maana wengine hata kikaratasi hawana. Ila karatasi imeandikwa na daktari, yeye mwenyewe hakusaini, na familia yake miaka yote haikujua neno plutoniamu.

Na angalieni hiyo tarehe wakuu, Julai 1947. Vita imeisha miaka miwili iliyopita, kwa hiyo hoja ya "vita ni vita" inafia hapo. Na mwezi uleule kule Nuremberg Wamarekani haohao walikuwa wanawahukumu madaktari wa Hitler kwa kufanyia watu majaribio bila ridhaa, hukumu ilisomwa Agosti 1947 na ndani yake ndo kuna ile kanuni ya kwanza kabisa, ridhaa ya hiari ya mtu ni lazima. Yaani wino wa upande mmoja ulikuwa haujakauka.

Na kuna waraka wa Aprili 1947 wa afisa mmoja wa Tume ya Atomiki ya Marekani, Kanali Haywood, unaagiza kwamba hati yoyote inayogusa majaribio kwa binadamu isitolewe hadharani kama inaweza kuharibu maoni ya wananchi au kuleta kesi mahakamani. Hoja ya usalama wa taifa haimo kabisa kwenye sababu yake. Ni kesi na aibu. Mimi huu waraka ndo ulionikata maini kuliko sindano zenyewe, maana hapo mtu amekaa mezani ametulia, ana chai yake, anaandika.

*

Nitapita haraka hapa maana orodha ni ndefu na nikikaa kila mahali hatumalizi.

Kuna Fernald, Massachusetts, shule ya bweni ya watoto waliobandikwa jina la wenye akili taahira, ingawa wengi walikuwa tu watoto maskini na yatima. Kati ya 1946 na 1953 wavulana 74 walilishwa uji na maziwa yenye chembechembe za mionzi za chuma na kalsiamu, utafiti wa chuo cha MIT na kampuni ya uji ya Quaker, Tume ya Atomiki nayo ikiwa na mkono. Waliambiwa wameingia "klabu ya sayansi". Wakapelekwa kuangalia besiboli, wakapewa zawadi. Dozi ilikuwa ndogo kweli, hata mimi nikiangalia sishtuki na namba, kinachonishtua ni barua waliyotumiwa wazazi, haina neno mionzi popote.

Vanderbilt, Nashville, 1945 hadi 1947, wajawazito wapatao 829 waliokuja kliniki kama mama yako na dada yako wanavyoenda kliniki wakapewa kinywaji chenye chuma cha mionzi, wakiamini ni kitu cha kuwaongezea nguvu.

Magereza ya Oregon na Washington, 1963 mpaka 1973, wafungwa 131 wakapigwa eksirei kwenye korodani kujua mionzi kiasi gani inakata mbegu za uzazi. Hawa walisaini, wakalipwa vijipesa, ikiwemo ya kila wakikatwa kipande cha kupima na ya mwishoni wakikubali kufungwa uzazi. Mniambie mfungwa anasaini kwa hiari kiasi gani.

Cincinnati, 1960 hadi 1971, wagonjwa wa kansa karibu 90, wengi maskini na wengi weusi, wanapigwa mionzi mwili mzima kwa fedha za Wizara ya Ulinzi. Jeshi lilitaka kujua askari akipigwa na bomu anaweza kuendelea kupigana kwa muda gani kabla hajaanza kutapika. Kwa hiyo miaka ya kwanza hawakuwapa dawa ya kuzuia kutapika. Hii kila nikiisoma najikuta nasimama nazunguka chumba.

Na Mradi wa Sunshine, ulianza 1953. Mabomu ya majaribio yalikuwa yanatupa strontiamu 90 angani, inanyesha kwenye majani, ng'ombe anakula, inaingia kwenye maziwa, mtoto anakunywa inakaa kwenye mifupa yake kama kalsiamu. Swali zuri, utafiti wa maana kabisa, na majibu yake yalisaidia kusukuma mkataba wa 1963 wa kuacha kulipua mabomu angani. Ila mifupa ya kupima walihitaji ya watoto wachanga waliokufa, kutoka nchi mbalimbali duniani, na wazazi hawakuulizwa. Mkuu wa jambo hilo Willard Libby, aliyekuja kupata Nobeli kwa kazi nyingine, yuko kwenye kumbukumbu za kikao cha Januari 1955 akisema mtu anayejua namna nzuri ya kuiba maiti atakuwa anaitumikia nchi yake kwelikweli.

*

Sasa jibu la yule binti.

Ile 20 haikutoka kwa Ebb Cade. Kwake na wenzake zilitoka hesabu za mkojo na plutoniamu, aliyezifanya anaitwa Wright Langham na zilitumika miaka mingi kulinda wafanyakazi wa viwanda vya nyuklia. Ile 20 ya kwangu kifuani kwa sehemu kubwa imetoka Hiroshima na Nagasaki.

Novemba 1946 Rais Truman aliagiza kiundwe chombo cha kuwafuatilia walionusurika, kikaitwa ABCC kwa kifupi, 1947 kikaanza kazi Hiroshima, mwaka uliofuata Nagasaki. Baadae wakajenga vibanda vyao juu ya kilima cha Hijiyama, mji mzima unawaona. Walikuwa na gari wanakufuata nyumbani, wanakupima damu, wanakuvua nguo wanakupiga picha, alafu wanakurudisha. Kutibu hapana. Kazi ya chombo ilikuwa ni kuchunguza, tiba haikuwa jukumu lake, hiyo ilikuwa sera. Wazee wa pale walilalamika maisha yao yote kwamba tulipimwa kama panya na hatukupewa hata dawa ya kidonda.

Wajawazito waliwapata kwa njia ambayo nikiifikiria naona akili kubwa na huruma ndogo. Japani chakula kilikuwa cha mgao, mjamzito akijiandikisha baada ya mwezi wa tano anapata nyongeza. Basi wakaandikisha hapohapo kwenye mgao. James Neel na wenzake walifuatilia mimba zaidi ya 70,000 kati ya 1948 na 1954 wakitafuta ulemavu wa kurithi, na hawakuona ongezeko la wazi. Hili naomba lisomwe vizuri maana mitaani tunaambiana kwamba vizazi vya Hiroshima mpaka leo wanazaliwa vilema, takwimu za watoto waliotungwa baada ya bomu hazisemi hivyo. Waliokuwa tumboni siku ya bomu, hasa mimba za wiki 8 mpaka 15, hao ndo waliumia ubongo, wakazaliwa na vichwa vidogo. Na ndo maana mimi kila dada akiingia chumbani kwangu namuuliza siku zake za mwisho, hata akinikasirikia.

Alafu wakachagua watu kama 120,000 wa kufuatiliwa mpaka kufa. Kansa ya damu ilipanda kwanza, ndani ya miaka michache, kansa nyingine zikachukua miaka kumi, ishirini, arobaini. Chombo kikabadilishwa jina 1975 kikawa cha Wajapani na Wamarekani pamoja, na kazi inaendelea. Mwaka 1990 tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi ilishusha kiwango cha wafanyakazi kutoka 50 kuja 20, na sababu kubwa ni hesabu mpya za watu wa miji hiyo miwili. Kwa hiyo dada wa field, walimpima bibi wa Hiroshima aliyekuja kutafuta mchele wa nyongeza.

*

Nina wagonjwa wawili wa ajali wamekuja, nimemaliza nao. Saa kumi kasoro alfajiri. Tunaenda Rongelap, hii ndo iliyoninyima usingizi zaidi.

Visiwa vya Marshall, katikati ya Pasifiki, vidogo, nazi na samaki, ukitazama picha utadhani uko Mafia au Pemba. Marekani ililipua pale mabomu 67 kati ya 1946 na 1958. Tarehe 1 Machi 1954, kisiwa cha Bikini, bomu la haidrojeni linaitwa Bravo. Walitegemea nguvu ya megatani kama 6 (megatani moja ni sawa na tani milioni moja za baruti), likatoa 15. Na usiku wa kuamkia walishapewa taarifa kwamba upepo wa juu umeanza kugeuka, wakaendelea.

Rongelap iko kilomita 150 na kitu mashariki. Watu waliona jua linachomoza magharibi. Saa chache baadae unga mweupe ukaanza kudondoka. Ulikuwa ni matumbawe ya Bikini yenyewe, yamesagwa na kuungua, yamejaa mionzi. Watoto wakauchezea. Uliingia kwenye visima, ukatua kwenye samaki waliokuwa wanaanikwa, kwenye nywele zilizopakwa mafuta ya nazi ukaganda. Jioni watu wanatapika, ngozi inawasha kama moto.

Kisiwa cha jirani, Rongerik, kulikuwa na Wamarekani 28 wa kituo cha hali ya hewa. Hao walichukuliwa tarehe 2 Machi. Watu wa Rongelap tarehe 3. Mwili mzima walikadiriwa kupata rem 175, yaani milisiveti 1,750 kwa siku mbili. Mimi nitahitaji miaka 87 kazini nikiwa kwenye mwisho wa kiwango kila mwaka. Wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa kwenye meli ya Daigo Fukuryu Maru nao wakapigwa na vumbi hilohilo, mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alikufa Septemba.

Siku chache baada ya kuhamishwa, wakiwa bado wanababuka na nywele zinanyonyoka, wakawekwa kwenye utafiti wa siri wenye namba, Mradi 4.1. Kichwa chake kwa Kiswahili ni utafiti wa namna binadamu wanavyoitikia mionzi ya beta na gama kutoka vumbi la silaha kubwa. Wakapewa namba, wanapigwa picha wameshika kibao.

Mwaka 1957 wakaambiwa kisiwa ni salama, rudini. Sasa sikilizeni kilichosemwa Januari 1956, kwenye kikao cha kamati ya Tume ya Atomiki, na Merril Eisenbud, mtu wa afya na usalama wa Tume. Alikuwa anaongelea Utirik, kisiwa kingine kilichopigwa na vumbi la Bravo ambacho watu wake walisharudishwa, akasema ni salama kuishi ila ni mahali palipochafuka kuliko popote duniani na itavutia kupata vipimo vya watu wakiishi mahali kama hapo. Alafu akaongeza kwamba ni kweli hawa watu hawaishi kama watu wa Magharibi, watu waliostaarabika, lakini ni kweli pia kwamba wanafanana na sisi kuliko panya wanavyofanana.

Nimeisoma mara nyingi kutafuta labda nimeielewa vibaya.

Walirudi. Wakala kaa wa nazi, wakanywa maji, kila mwaka meli inakuja na madaktari wa maabara ya Brookhaven wakiongozwa na Robert Conard, wanapima mwili una sesiamu ya mionzi kiasi gani, wanaondoka. Wanawake wakaharibu mimba. Kuanzia 1963 vivimbe vya tezi ya shingo vikaanza, na kwa waliokuwa watoto chini ya miaka 10 siku ya Bravo, walio wengi tezi zilipata shida. Lekoj Anjain alikuwa na mwaka mmoja unga ulipodondoka, akafa 1972 kwa kansa ya damu akiwa na 19. Baba yake ndo alikuwa hakimu wa kisiwa.

Mwaka 1985 wakaondoka wenyewe. Marekani haikuwahamisha, waliomba meli ya Rainbow Warrior ya Greenpeace, wale watetezi wa mazingira, iwabebe wakaenda kisiwa cha Mejatto.

*

Maswali.

Post 19, umeuliza walifanya makusudi? Tume ya Rais Clinton iliyochunguza mambo haya ilisema haikuona ushahidi kwamba waliwamwagia kusudi, Wamarshall wengi mpaka leo hawakubali. Mimi nasimama hapa: hata ukiondoa kusudi kwenye tarehe 1 Machi, mwaka mmoja kabla ya kuwarudisha 1957 kikaoni walishasema itavutia kupima watu wanaoishi kwenye kisiwa kilichochafuka, na maneno yapo.

Post 23, wewe wa Lubumbashi, asante sana kwa kutaja Shinkolobwe. Ndugu zetu wengi humu hawajui kwamba sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Manhattan ilitoka Katanga, karibu na Likasi. Mkuu wa kampuni ya Wabelgiji, Edgar Sengier, alishapeleka New York tani zaidi ya 1,000 mwaka 1940, zikakaa kwenye ghala Staten Island mpaka Wamarekani walipokuja kuzinunua 1942. Mawe yale yalikuwa na utajiri usio na mfano, mengine urani zaidi ya nusu ya uzito wake, na yalichambuliwa na kujazwa kwenye magunia kwa mikono ya Wakongo. Umesema babu yako alikuwa pale. Pole sana ndugu yangu, na kama mzee aliwahi kusimulia chochote nakuomba ukiandike humu, hata kidogo, hata jina la kijiji.

Post 27, fidia. Mwaka 1996 serikali ilikubali kulipa dola milioni 4.8 kwa familia za watu 12 waliochomwa sindano. Fernald ililipwa 1998 na chuo na kampuni, dola milioni 1.85. Marshall waliwekewa mfuko wa dola milioni 150, mahakama yao ya madai ikatoa hukumu zinazozidi mfuko huo mara nyingi, pesa ikaisha. Clinton aliomba radhi 3 Oktoba 1995, na siku hiyohiyo ilisomwa hukumu ya O.J. Simpson, yule mchezaji maarufu aliyeshtakiwa kwa mauaji, basi magazeti na televisheni zote zikaenda huko.

Na post 30, ilijulikanaje. Mwandishi wa gazeti dogo la Albuquerque, Eileen Welsome, mwaka 1987 alikuwa anasoma ripoti za jalala la wanyama wa majaribio kwenye kambi ya jeshi la anga. Kwenye tanbihi, maandishi madogo chini ya ukurasa, akakuta watu 18 wamechomwa plutoniamu. Watu hawana majina, ni namba tu. Alihangaika nao miaka 6, akiwa na kazi zake nyingine, wakubwa wanamzungusha. Kwenye makaratasi ya CAL-3 waliotoa hati walifuta jina la mgonjwa, ila wakasahau mstari mmoja uliosema wameandika barua kwa daktari wa mji mdogo unaoitwa Italy, Texas. Akapiga simu ofisi za mji ule akaeleza, namtafuta mzee mweusi, umri kama miaka 80 hivi, alikatwa mguu wa kushoto.

Aliyepokea simu akamwambia unamtafuta Elmer Allen, alifariki mwaka jana, subiri nikupe namba ya mke wake.